Kukata au Kuhifadhi: Historia ya Upasuaji wa Ovari kwa Wasichana

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, msichana aliyefikishwa hospitalini akiwa na ovari iliyojisokota aliondoka bila ovari hiyo. Kanuni iliyofundishwa ilikuwa fupi: funga, kata, toa, wala usithubutu kuisokotoa. Madaktari waliamini kwamba mishipa ya ovari iliyojinyonga imejaa madonge ya damu, na kwamba kuilegeza ni kuyafungulia madonge hayo njia ya kwenda kwenye mapafu na kumwua mgonjwa. Waliotoa kanuni hiyo walitaka kuokoa maisha. Hata hivyo kanuni ilikuwa na kosa, na iliwagharimu wasichana wengi nusu ya akiba yao ya mayai, baadhi yao kabla hawajavunja ungo. La kutafakari ni kwamba ilitawala wakati ambapo kifaa cha kuchungulia tumboni kupitia tundu dogo kilikuwa kimeshavumbuliwa na kuenea katika hospitali za nchi tajiri. Siku hizi upasuaji wa matundu madogo husifiwa kana kwamba kifaa chenyewe ndicho kilicholeta huruma. Nikiisoma historia yake naona mambo yalikwenda vingine. Tundu dogo lilirahisisha kuona, lakini kilichookoa ovari ni uamuzi wa kuihifadhi, na uamuzi huo ulichelewa miongo kadhaa nyuma ya kifaa.

Upasuaji wa ovari ni mkongwe kuliko elimu ya ovari. Desemba 1809, katika mji mdogo wa Danville jimboni Kentucky, Marekani, daktari Ephraim McDowell alimpasua tumbo Jane Todd Crawford na kumtoa uvimbe wa ovari wenye uzito wa zaidi ya kilo 10. Nusukaputi haikuwapo, ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Kazi ilichukua dakika zipatazo 25, na mgonjwa akaishi miaka mingine 32. Wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona yai la mnyama yeyote anyonyeshaye. Karl Ernst von Baer aliliona kwa mara ya kwanza mwaka 1827. McDowell alipochapisha taarifa yake mwaka 1817 alieleza wagonjwa watatu, na wale wawili waliomfuata Crawford walikuwa wanawake Weusi katika jimbo lililoruhusu utumwa. Miaka ya 1840, huko Montgomery, Alabama, J. Marion Sims alijifunza kushona fistula kwa kuwapasua tena na tena wanawake waliokuwa watumwa, bila nusukaputi. Mmoja wao, Anarcha, alikuwa msichana wa miaka kama 17, na alipasuliwa mara zipatazo 30. Haya si ya kupitwa kwa haraka. Tangu mwanzo kabisa wa tiba hii, swali la nani ana kauli juu ya viungo vya uzazi vya msichana lilijibiwa bila msichana kuulizwa, na athari ya jibu hilo ilidumu muda mrefu baada ya utumwa kufutwa.

Nusukaputi ilipopatikana na usafi wa vyumba vya upasuaji ukaboreka, ustadi wa mikono ulikimbia mbele na kuiacha busara nyuma. Mwingereza Thomas Spencer Wells alikuwa amefikisha operesheni 1,000 za ovari ilipofika mwaka 1880, na wengi wa wagonjwa wake wangekufa kwa uvimbe kama asingewapasua. Sambamba na kazi hiyo ya uokozi ilizuka nyingine. Mwaka 1872 Robert Battey wa Rome, jimboni Georgia, Alfred Hegar wa Freiburg na Lawson Tait wa Birmingham, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuondoa ovari ambazo hazikuwa na uvimbe wowote. Battey alitaka kuisimamisha hedhi, akiamini kwamba ndiyo chanzo cha maumivu, kifafa na matatizo ya akili. Operesheni iliyopewa jina lake ilienea pande zote mbili za Atlantiki, na maelfu ya wanawake wakapoteza ovari zenye afya. Wells mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioilaani. Ni mwaka 1896 ndipo Emil Knauer wa Vienna alipoanza kuonyesha, kwa kupandikiza ovari katika sungura, kwamba kiungo hiki hutoa kitu kinachoulinda mfumo mzima wa uzazi. Homoni ya estrojeni ilitengwa mwaka 1929. Somo la enzi ya Battey ni zito: mkono stadi ukiongozwa na dhana mbovu huzidisha madhara, kwa sababu kinachowezekana kufanyika huanza kuonekana kuwa kinafaa kufanyika.

Kifaa chenyewe kilianzia mbali na magonjwa ya wanawake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Philipp Bozzini wa Frankfurt alitengeneza chombo kilichopeleka mwanga wa mshumaa ndani ya mwili kwa msaada wa vioo. Mwaka 1901 Georg Kelling wa Dresden alijaza hewa tumboni mwa mbwa na kuchungulia ndani, na mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm akatangaza kwamba amefanya hivyo kwa binadamu. Mhungaria János Veress alieleza mwaka 1938 sindano yenye ncha inayojikinga, aliyoibuni kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Hadi leo sindano ya aina hiyo hutumika kuingiza gesi tumboni. Raoul Palmer, aliyefanya kazi Paris wakati wa uvamizi wa Wajerumani, ndiye aliyeifanya njia hii kuwa ya magonjwa ya wanawake. Alimlaza mgonjwa kichwa kikiwa chini ili utumbo uteleze kuelekea kifuani na kuiacha wazi mirija, kizazi na ovari, na alisisitiza shinikizo la gesi lipimwe muda wote. Baadaye Harold Hopkins wa Uingereza akaboresha lenzi, na Karl Storz wa Ujerumani akaleta mwanga usiounguza, uliotoka kwenye taa iliyo nje ya mwili. Kufikia miaka ya 1960 tumbo lililokuwa giza lilikuwa limeangazwa.

Mwanga huo ulielekezwa wapi kwanza? Patrick Steptoe wa Oldham, Uingereza, alichapisha mwaka 1967 kitabu chake cha laparoskopi, yaani njia hii ya kuchungulia tumboni kwa tundu dogo, na ustadi wake wa kuchukua mayai ndio uliochangia kuzaliwa kwa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili. Lakini kilichoieneza laparoskopi duniani miaka ya 1970 kilikuwa hasa kufunga kizazi kwa wanawake wazima. Shirika la JHPIEGO, lililoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins miaka hiyo, liliwafundisha madaktari wengi wa nchi zinazoendelea kutumia kifaa hiki, na kazi iliyokusudiwa ilikuwa uzazi wa mpango. Mtoto wa kike mwenye maumivu hakuwamo katika mpango huo. Waliomkumbuka mapema ni wachache, wakiwamo Stephen Gans na George Berci wa Los Angeles, ambao mwaka 1971 walieleza matumizi ya darubini hizi mpya kwa watoto wachanga na wakubwa kidogo. Kazi yao ilihitaji uangalifu wa pekee. Ukuta wa tumbo la mtoto ni mwembamba, mshipa mkuu wa damu uko karibu sana na ngozi, kibofu kimekaa juu zaidi, na nafasi ya kujaza gesi ni finyu. Vifaa vililazimika kupungua kipenyo na gesi kuingizwa kwa shinikizo dogo zaidi. Isitoshe, upasuaji wa jumla ulikuwa bado unaitazama njia hii kwa shaka: Kurt Semm, bingwa wa magonjwa ya wanawake wa Kiel, Ujerumani, alipotoa kidole tumbo kwa matundu madogo mwaka 1980, wapo wenzake waliotaka asimamishwe kazi.

Turudi sasa kwenye ovari iliyojisokota, kwa kuwa hapo ndipo hoja inapopimika. Ovari ya msichana huning'inia kwenye kano, na katika utoto kano hizo zinaweza kuwa ndefu kiasi cha kuiruhusu ovari nzima isiyo na ugonjwa ijizungushe. Inapojisokota, mishipa inayotoa damu, ambayo kuta zake ni laini, hubanwa kwanza, huku ateri zikiendelea kuingiza damu kidogo. Ovari huvimba, hugeuka zambarau, kisha nyeusi. Daktari akiiona hivyo husema imekufa. Kumbe ovari hulishwa na njia mbili, moja ikitoka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa tumboni na nyingine kwenye ateri ya kizazi, na weusi ule mara nyingi ni damu iliyokwama ndani ya kiungo kilicho hai bado. Tayari mwaka 1946 Mwingereza Stanley Way alieleza katika jarida la Lancet jinsi alivyotoa uvimbe peke yake na kuziacha ovari zilizokuwa zimejisokota. Alifanya hivyo kwa mkato wa kawaida, bila kamera wala gesi. Wachache walimfuata. Ushahidi ulikusanyika polepole. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba donge la damu kufika kwenye mapafu lilitokea kwa asilimia 0.2 tu ya wagonjwa wa aina hii, na kwamba kusokotoa hakukuongeza hatari hiyo. Mwaka 2003 madaktari wa Israeli, wakiongozwa na Gabriel Oelsner, walitoa taarifa ya wagonjwa 102 ambao ovari zao zilisokotolewa na kuachwa mahali pake. Kwa zaidi ya 9 kati ya kila 10 ovari ilirudia hali yake na kuendelea kukuza mayai. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kilitoa mwongozo kuhusu wasichana: ovari isokotolewe na ihifadhiwe, hata ikionekana nyeusi.

Ukipima umbali kati ya tarehe hizi unaona uzito wa jambo. Kutoka Way hadi mwongozo wa ACOG ni miaka 73. Kutoka darubini ya Gans na Berci ni miaka 48. Na katika hospitali za Marekani kati ya 2000 na 2006, kipindi ambacho laparoskopi ilikuwa kazi ya kila siku, zaidi ya nusu ya wasichana waliolazwa kwa tatizo hili bado waliondolewa ovari. Kama tundu dogo ndilo lingekuwa mkombozi, hali hiyo haielezeki. Ovari inaweza kukatwa kupitia tundu la milimita 5 sawasawa na kupitia mkato wa sentimita 10, na kovu dogo halimrudishii msichana kiungo kilichotolewa.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ngozi ya ndani ya kizazi huota nje yake na kusababisha maumivu makali, hasa wakati wa hedhi. Miaka ya 1940 daktari mashuhuri wa Boston, Joe Vincent Meigs, alieneza dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuzaa. Dhana hiyo iliwatoa nje wawili kwa mpigo: msichana, kwa kuwa umri wa kuzaa haujafika, na mwanamke Mweusi maskini, ambaye maumivu yake yalihesabiwa kuwa maambukizi ya zinaa. Mwaka 1976 Donald Chatman wa Chicago alionyesha kwa laparoskopi kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila watano wa wagonjwa wake Weusi walioambiwa wana maambukizi ya nyonga walikuwa na endometriosisi. Mwaka 1980 Donald Goldstein na wenzake wa Boston walichapisha taarifa za wasichana waliochunguzwa kwa sababu ya maumivu ya nyonga, na karibu nusu yao walikuwa na ugonjwa huo huo ambao vitabu vilisema hauwapati. Hapa kifaa kinastahili sifa, lakini tazama kilichofuata. Madaktari wengi waliochungulia ndani ya wasichana walitafuta madoa meusi yanayojulikana kwa wanawake wazima, na wasipoyaona waliandika kwamba hakuna ugonjwa. Mwaka 1986 Robert Jansen na Peter Russell walieleza kwamba endometriosisi inaweza kuwa nyekundu, nyeupe au isiyo na rangi kabisa, na hiyo ndiyo sura yake ya kawaida kwa vijana. Kamera ilikuwa imepita juu ya ugonjwa ule kwa miaka, na jicho lisilojua linatafuta nini likaupita pia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wahenga walisema, na aliyekilalia alikuwa akieleza maumivu yake muda wote huo.

Mtu anaweza kupinga hivi: bila kifaa, uamuzi usingebadilika. Daktari anayejua kwamba lazima afungue tumbo lote ili ajue tatizo ni nini atasubiri hadi hali iwe mbaya, na kufikia hapo ovari itakuwa imeoza kweli. Pingamizi hili lina ukweli mwingi na silikatai. Laparoskopi ilipunguza gharama ya kuchungulia: maumivu pungufu, siku chache za kulazwa, mshikamano mdogo wa utumbo baada ya operesheni. Kwa sababu hiyo msichana aliweza kupelekwa chumba cha upasuaji mapema, na kurudi kwa uchunguzi wa pili kukawa jambo la kuvumilika. Pia ni kweli kwamba wengi wa waliokusanya ushahidi wa kusokotoa walikuwa mafundi wa laparoskopi. Kifaa kilitengeneza nafasi. Hata hivyo nafasi inaweza kukaa bila kutumiwa, na takwimu za 2000 hadi 2006 zinaonyesha kwamba ilikaa. Way, kwa upande wake, aliihifadhi ovari bila kifaa chochote kati ya hivyo. Mambo mawili yanayotokea pamoja hayana budi kutenganishwa tunapotaka kujua lipi ni sababu, na hapa historia imetutenganishia yenyewe: kuna kifaa bila uhifadhi, na kuna uhifadhi bila kifaa.

Pingamizi zito zaidi ni la saratani. Uvimbe wa ovari unaweza kuwa mbaya, na daktari anayeacha kiungo chenye shaka au anayepasua uvimbe wenye saratani ndani ya tumbo anaweza kuueneza ugonjwa. Hofu hii ni ya haki na haipaswi kubezwa. Lakini kwa wasichana, uvimbe mwingi unaokutwa kwenye ovari iliyojisokota si saratani. Aghalabu ni mfuko wa maji au dermoidi, uvimbe unaoweza kuwa na nywele na hata meno. Picha za ultrasaundi na vipimo vya damu husaidia kuwatambua mapema wale wachache wenye dalili za hatari, na hao hufaa kupasuliwa kwa mkato mpana unaoruhusu uvimbe utoke mzima. Kwa wengine, ovari inaweza kusokotolewa, kuvimba kwake kukapungua, kisha picha ikarudiwa baada ya wiki kadhaa. Uganda imetoa fundisho lake katika hili. Uvimbe ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala huonekana sana kwenye taya za watoto, lakini kwa wasichana hushambulia pia ovari, mara nyingi zote mbili, na tiba yake ni dawa za saratani. Anayekimbilia kisu kabla ya kujua aina ya uvimbe anaweza kumwondolea mtoto ovari ambazo dawa ingezitibu. Hofu ya saratani, ikifuatwa kwa makini, inadai uchunguzi zaidi. Haidai kukata kwa haraka.

Wapo pia watakaosema kwamba kuwaamini wasichana kumezaa kosa la upande wa pili, yaani kuwapasua mno. Msichana mwenye endometriosisi anaweza kupitia operesheni moja baada ya nyingine kabla hajafika miaka 20, na kila moja ina hatari yake. Ni kweli, na taaluma yenyewe imeliona hilo: mwongozo wa chama cha Ulaya cha uzazi, ESHRE, wa mwaka 2022, uliacha kuichukulia laparoskopi kuwa kipimo cha lazima cha endometriosisi, ukaruhusu tiba ya dawa ianze kwa kufuata dalili na picha. Mabadiliko hayo hayaipunguzii nguvu hoja yangu. Kama thamani ingekuwa kwenye tundu, kupunguza matundu kungekuwa kurudi nyuma. Kwa kuwa thamani iko kwenye uamuzi, daktari anayesikiliza maumivu ya msichana na kumwanzishia dawa bila kumpasua ameendeleza kazi ile ile ya Chatman na Goldstein kwa njia nyepesi zaidi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa karibu. Upasuaji wa matundu madogo unapatikana hasa katika hospitali kubwa za rufaa na baadhi ya hospitali binafsi mijini, na ni rahisi kuhitimisha kwamba msichana wa wilayani hana lake katika historia hii hadi mashine zifike. Hitimisho hilo si sahihi. Kusokotoa ovari kunawezekana kupitia mkato wa kawaida, katika hospitali inayoweza kumpasua mama mjamzito, mradi anayeshika kisu ajue kwamba ovari nyeusi si lazima iwe ovari iliyokufa. Kinachohitajika zaidi ni muda. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja wa tumbo la chini, yanayokuja na kutapika, hayafai kuitwa chango na kupewa siku tatu za kusubiri, wala hayafai kuishia kwenye dawa ya minyoo au ya U.T.I. bila uchunguzi. Msichana huyo apelekwe hospitali saa ile ile, na kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji mzazi ana haki ya kuuliza: je, ovari itahifadhiwa, na kama haitahifadhiwa, kwa sababu gani? Mashine zije, na zije kwa wingi, kwa maana wasichana wetu wanastahili makovu madogo na siku chache za kulazwa. Ila vyuo vyetu vya tiba havina sababu ya kuzingojea ili vifundishe kusokotoa kabla ya kukata. Elimu hiyo haina bei ya mashine, na tayari imecheleweshwa miaka ya kutosha.